Tableti zimefika, pesa ya kuziendesha iko wapi? Mwalimu wa Lubumbashi naomba maoni

#1 Mwalimu_Katuba

Wakuu, salaam.

Nafundisha hesabu sekondari hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Mwaka wa masomo uliopita mfadhili mmoja alitushushia tableti ishirini zenye programu za hesabu na sayansi. Kulikuwa na hotuba, picha na fanta. Leo ziko kwenye kabati la prefe (mkuu wa shule), kufuli mbili: ufunguo mmoja anao yeye, wa pili anao mhasibu. Ukizitaka unaandika barua.

Prefe simlaumu. Tableti ikipotea ni yeye atakayeitwa ofisini, si mimi. Na kuzitumia nako kuna gharama. Umeme unarudi usiku wa manane shule ikiwa imefungwa, kwa hiyo kuchaji ni jenereta, jenereta inataka mafuta, na mafuta hayana fungu kwenye bajeti. Mega (bando la intaneti) za kusasisha programu hazina fungu, fundi naye hana. Betri tatu zimeshavimba mpaka kioo kimenyanyuka pembeni. Hapohapo chaki ikiisha tunachangishana kwenye chumba cha walimu.

Hoja yangu ni hii. Ubaya hauko kwenye tableti. Kila mtu anafurahi kulipia siku ya uzinduzi, mwaka wa pili hamwoni mtu. Mfadhili ananunua kifaa, Serikali inalipa mshahara (ikilipa), na yote yaliyobaki katikati, umeme, karatasi, matengenezo, yanamwangukia mzazi. Ningekuwa na sauti ningesema: asiyekuja na pesa ya kuendesha tableti miaka mitatu, arudi nazo.

Je, nakosea? Kwenu hali ikoje?

#2 Kijana_Ruashi

Kataeni halafu mtuletee sisi huku Ruashi 😂

#3 Binti_Kampemba

Mwalimu, kwa heshima zote, sikubali kwamba ni pesa tu.

Mimi niko shule ya msingi. Sisi tuna paneli juu ya paa, umeme wa kuchaji upo, na bado tableti zinalala. Kwa nini? Mafunzo yalikuwa asubuhi moja: namna ya kuwasha, namna ya kuzima, chukua cheti, nenda kapige picha. Hakuna aliyenionyesha namna ya kufundisha sehemu, nusu na robo, kalasi ya nne, nikiwa na watoto sabini na tableti kumi. Watoto saba juu ya kioo kimoja: mmoja anagusa, wawili wanaona, wanne wanapigana. Siku niliyojaribu nilimaliza kipindi sauti imekauka, na somo nikalirudia kesho yake kwa machungwa na kisu. Machungwa waliyaelewa wote.

Leteni mafuta ya jenereta hata pipa zima. Mwalimu asiyejua afanye nini na kifaa ataacha kifungiwe, na moyoni atashukuru.

#4 Kishikwambi_Mwanza

Habari zenu majirani. Huku Tanzania vishikwambi, ndizo tableti, vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya hesabu kuisha. Na mimi nilipata. Kwa hiyo hii hadithi ya kabati kwetu ni tofauti kidogo, kifaa ninacho mkononi, natembea nacho. Naandikia maazimio ya kazi, nasomea mtaala, jioni mwanangu anaangalia katuni. Wanafunzi wangu wanakiona kwa mbali.

Kuhusu fedha: tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Kiwango hicho cha msingi sehemu yake inakatwa kwa ajili ya vitabu kabla haijafika shuleni. Mkuu wa shule akishalipa mlinzi na karatasi za mtihani, bando la intaneti litoke wapi? Mwalimu_Katuba yuko sahihi.

#5 Mama_wa_Batatu

Bandugu, miye niko muzazi, nakalaka mu Kenya. Banasema masomo ni bule, lakini kila mwezi mutoto anarudiaka na kakaratasi: makuta ya ufagio, makuta ya interro (mitihani midogo), makuta ya garde (mulinzi). Ule wa secondaire njo mubaya zaidi. Sasa mukianza kusema tablette, miye naogopa, juu najua kesho kakaratasi kataandikwa: makuta ya tablette.

#6 Mdau_wa_Nairobi

Dada, Kenya gani hiyo ya "makuta"? Sisi huku tunalipa shilingi.

#7 Kijana_Ruashi

Kenya ya Lushi, yaani Lubumbashi, ni komini. Ilikuwepo na soko lake kabla hujazaliwa. Rudi darasani.

#8 Mdau_wa_Nairobi

Haya, nimerudi 😂 Samahani mama.

Niongeze ya kwetu maana sisi ndio tuliojaribu kwa ukubwa. Kwenye kampeni za 2013 wanafunzi wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Zabuni ya kwanza ikaishia mahakamani, mpango ukapangwa upya, na vifaa vikaanza kufika shuleni 2016, vikiwa tableti, kazi ikisimamiwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta (JKUAT). Vilivyosambazwa vilipita milioni moja. Shule nyingi ziliunganishwa umeme kwa sababu ya mradi huo, na hilo lazima nilisifu, maana umeme umebaki hata pale tableti zilipokufa.

Nilipokuwa nafundisha mimi, mwalimu mkuu alivifungia kwenye chumba chenye mlango wa chuma. Si ukosefu wa fedha wala mafunzo, walimu tulifunzwa vizuri tu. Ilikuwa hofu ya wizi. Shule jirani ilivunjwa, na walioandika taarifa polisi ni walimu, sio mwizi. Baada ya hapo nani atatoa kifaa nje?

Kwa hiyo naleta maelezo ya tatu: kifaa kinaletwa kama mali ya Serikali, na mali ya Serikali kazi yake ya kwanza ni isipotee.

#9 Prefe_Mstaafu

Vijana, naona mnaongea kama watu walioikuta shule mezani. Hebu nirudi nyuma kidogo, mnivumilie.

Mimi nilisoma Likasi, shule ya Gécamines, kampuni ya madini ambayo kabla ya 1967 ilikuwa Union Minière. Baba alikuwa mfanyakazi. Daftari na vitabu tulipewa, mwalimu alikuwa na nyumba na unga wa mwezi. Hatukuwa na "teknolojia", ila tulikuwa na maabara yenye maji ya bomba na taa, na kila kitu kilichoharibika kuna mtu alilipwa kukitengeneza. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka, uzalishaji ukashuka mpaka chini kabisa, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ule mpango wa "kuondoka kwa hiari". Fungu la maabara likaondoka nao.

Shule nyingine, za Serikali na zile za makanisa zilizo chini ya mkataba wa 1977 kati yao na Serikali, ziliumia kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 90 walimu waligoma kwa kukosa mshahara, na wazazi wakakubali kuwalipa prime, yaani nyongeza kutoka mifukoni mwao, ili mwaka wa masomo usife. Ilisemwa ni ya muda. Ikadumu karibu miaka thelathini, na juu yake zikajengwa ada nyingine zote, kuanzia ofisi ya shule hadi ngazi za juu. Mzazi akawa ndiye wizara.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Ilikuwa haki, watoto waliokaa nyumbani walirudi kwa wingi. Lakini mwalimu wa mjini, wa Lubumbashi au Kinshasa, ambaye prime ilikuwa inazidi mshahara wake, alipoteza. Na yule ambaye bado hajaingizwa kwenye orodha ya malipo, hao tunaowaita N.U. (nouvelles unités, walimu wapya), alibaki hana prime wala mshahara. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 800 kwa mpango huu. Mawazo ya wote yakawa kwenye mshahara, na sawa, mwalimu ale kwanza. Ila pesa za kuendesha shule yenyewe zilibaki kiporo.

Mwalimu_Katuba, prefe wako hakufungia tableti kwa roho mbaya. Prime ilipoondoka shule za msingi, hata sekondari wazazi wamekuwa wagumu. Mfuko ambao angetolea mafuta haupo.

#10 Kijana_Ruashi

Mzee asante kwa historia. Lakini si kuna asilimia 10 ya pesa za madini ambayo sheria inasema iende mashuleni? Haut-Katanga na Lualaba tunachimbwa usiku na mchana.

#11 Mwanasheria_Bel-Air

Kijana_Ruashi, sivyo. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 Serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au sekta au utawala wa kichifu ambako mgodi upo, na 10 ni mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Neno shule halimo kwenye mgawo huo. Komini ikitaka inaweza kutumia ile 15 kujenga shule, na baadhi zimejenga. Komini isiyo na mgodi haipati kitu kwenye ile 15.

Kando ya hapo kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Humo ndimo yanamotoka majengo mengi mapya mnayoyaona barabara ya kwenda Kolwezi. Jengo linahesabika na linapigwa rangi. Sijawahi kuona kibao kimeandikwa "umeme wa mwaka wa nne wa shule hii umelipwa na fulani".

#12 Kalamu_Nyekundu

Nilijua tu. Uzi ukifika ukurasa wa pili lazima madini yaingie. Sasa namsubiri yule wa "kobalti yetu imo kwenye betri ya tableti lakini mtoto wetu hana tableti". Mtu amalize tuendelee.

#13 Kijana_Ruashi

Si imo kweli?

#14 Kalamu_Nyekundu

Imo. Umeshasema, keti.

#15 Kasumbalesa_Express

Mimi si mwalimu, ni msafirishaji, lakini shangazi yangu yuko Chingola, Zambia, na alikuwa anashika kalasi ya redio. Wenzetu walianza 2000 vipindi vilivyoitwa Taonga Market, kwa watoto ambao hawakuwa shuleni. Kila siku nusu saa. Redio inauliza swali, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa sauti, redio inaendelea. Shangazi hakuwa na cheti cha ualimu, kazi yake ilikuwa kuwapanga, kuandika ubaoni na kuangalia nani hajibu. Redio yenyewe ni ile ya kuzungusha mkono. Ukiona imeanza kukwama unamwita mtoto mkorofi kuliko wote azungushe, ndiyo adhabu yake.

Hakuna mega, hakuna neno la siri, hakuna kioo cha kuvunjika. Kwa nini sisi tunarukia tableti?

#16 Binti_Kampemba

Kasumbalesa_Express, umegusa penyewe. 2020 shule zilipofungwa kwa korona, Radio Okapi ilirusha masomo hewani na majirani zangu waliwakalisha watoto kusikiliza. Programu zilizotumwa kwa WhatsApp ziliwafikia wale ambao wazazi wao wana simu nzuri.

Ila redio ina ubaya wake: haisubiri. Mtoto asiyeelewa amebaki nyuma, na wiki ijayo yuko nyuma zaidi.

#17 Kalamu_Nyekundu

Mnasahau mtihani. Mwalimu wa sekondari anapimwa kwa kitu kimoja: wangapi wamefaulu Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Mtihani huo upo tangu 1967, ni karatasi, maswali ya kuchagua jibu. Hakuna swali hata moja linalohitaji tableti. Niambieni kwa nini nipoteze vipindi vya wahitimu kwa kifaa ambacho siku ya mtihani kinabaki nje ya mlango? Mpate fedha, mafunzo, walinzi wenye mbwa, mtihani ukibaki ulivyo kabati litabaki limefungwa.

Na teknolojia ya elimu iliyoenea Kongo nzima tunayo tayari. Ni SMS ya matokeo. Unatuma namba, unakatwa salio, jibu linarudi, mtaa mzima unakimbilia poda kummwagia mtoto kichwani. Imefika mpaka vijiji ambavyo havina dawati. Mnajua kwa nini imefika? Kwa sababu kila ujumbe unalipiwa na mtumaji. Hapo mwaka wa pili una mwenyewe.

#18 Kishikwambi_Mwanza

😂😂 Kalamu_Nyekundu umeua.

#19 Prefe_Mstaafu

Ongeza SMS ya benki. Tangu mishahara ilipoanza kupitia benki, 2011, hakuna chombo kilichobadilisha maisha ya mwalimu kuliko kile kilio kifupi cha simu mwisho wa mwezi. Zamani pesa ilipitia mikono mingapi kabla ya kukufikia, na kila mkono ulibakiza chake. Ingawa wenzetu wa mbali na mji bado wanasafiri kuifuata, na nauli inaila.

#20 Mwalimu_Katuba

Asanteni wote. Nijibu kwa pamoja.

Kalamu_Nyekundu, kuhusu mtihani una haki nusu. Nusu nyingine nikuonyeshe. Wahitimu wangu walikuwa wanakariri kwamba kwenye y = *a*x² + bx + c, *a* ikiwa hasi parabola inageukia chini. Wanakariri, wanapata alama, ukibadilisha herufi wanapotea. Nikaazima projekta ya parokia, nikaiunganisha na simu yangu yenye GeoGebra, programu ya kuchora grafu, nikatupia picha ukutani, ukuta wenyewe una doa la mvua. Nikavuta kitelezi cha *a* polepole kutoka 2 kwenda sifuri. Mkunjo ukafunguka, ukafunguka, ukawa mstari ulionyooka, kalasi ikanyamaza. Nikapita sifuri, ukapinduka. Msichana wa dawati la nyuma akasema kwa sauti: "Kumbe pale katikati si parabola tena!" Sijawahi kupata sentensi hiyo kwa chaki. Simu moja, projekta ya kuazima, na umeme uliotupa dakika za kutosha kabla haujakatika.

Kwa hiyo sisemi vifaa havina maana. Nilichotumia siku ile hakikuwa kwenye kabati, na aliyelipa mega za kupakua alikuwa mimi.

Binti_Kampemba, mafunzo nakubali, lakini mafunzo nayo ni fungu. Asubuhi moja ndiyo iliyokuwa na bajeti ya chakula.

#21 Binti_Kampemba

Ukisema kila kitu ni fungu, basi hoja yako haiwezi kushindwa kamwe. Hata mimi kukosa wazo utasema ni fungu.

#22 Fundi_Kamalondo

Mega mnazilia bure. Kuna Kiwix, unapakua Wikipedia ya Kifaransa mara moja, unaiweka kwenye kadi, inasomeka bila intaneti. Kuna Kolibri, ina video na mazoezi, unaiweka kwenye kompyuta moja ndogo hata ya zamani, inarusha wifi yake humo kalasini, tableti zote zinachota hapo. Zote mbili ni za bure. Pakueni usiku kwa yule mwenye laini nzuri, mmalize. Hilo la mega liondoeni kwenye orodha.

#23 Kalamu_Nyekundu

Na Peru? Walinunua kompyuta ndogo zaidi ya 800,000, zile za mradi wa "kompyuta ya dola mia", na zilikuja na vitabu ndani, bila kutegemea intaneti. Benki ya Maendeleo ya Mabara ya Amerika ikapima shule 319 za vijijini baada ya miezi 15, ripoti ikatoka 2012: hesabu na lugha havikupanda. Watoto walijua kutumia kompyuta vizuri. Hiyo ndiyo faida.

#24 Mdau_wa_Nairobi

Ripoti hiyohiyo ilionyesha walipanda kidogo kwenye majaribio ya kufikiri. Usikate nusu.

#25 Kalamu_Nyekundu

Kidogo.

#26 Mama_wa_Batatu

Miye nasoma bote, nashindwa kujua mwenye haki. Fundi, ile kintu ya Kiwix inaingia mu telefone ya kawaida? Mutoto wangu wa kalasi ya sita anapenda kusoma juu ya nyota, na makuta ya mega yangu anaimaliza yote.

#27 Fundi_Kamalondo

Inaingia, mama. Ukiwa na kadi ya GB 64 Kifaransa chote kinakaa na picha zake nyingi. Ukipenda ndogo kuna toleo la maneno tu. Pita Kamalondo na kadi, sitakutoza.

#28 Kijana_Ruashi

Mnakumbuka ile kodi ya RAM, ya kukatwa salio kwa sababu tu una simu? 2020 mpaka 2022. Hiyo pesa ingechaji tableti za nchi nzima.

#29 Mwanasheria_Bel-Air

Ilifutwa. Tusifungue jeraha.

#30 Fundi_Kamalondo

Mwalimu_Katuba turudi kwako. Tableti zenu ni inchi ngapi, na zinachaji kwa waya wa USB wa kawaida?

#31 Mwalimu_Katuba

Inchi saba. USB ya kawaida, ile ndogo.

#32 Fundi_Kamalondo

Basi jenereta ya nini? Tableti ya inchi saba ikijaa inakula kama wati-saa 18. Ishirini hazifiki 400. Paneli ya wati 150, kidhibiti chaji, betri ya volti 12, na chaja za gari za matundu mengi. Siku ya jua zinajaa zote kabla ya saa tisa. Mafuta mnayounguza kugeuza umeme mara mbili ni hasara tupu. Na zile tatu zilizovimba zitoeni kabatini leo, msizichaji tena, msizitoboe. Zikishika moto hizo kabati lote linaondoka.

#33 Prefe_Mstaafu

Hilo la kuvimba mwambie prefe wako kwa maandishi, mwalimu, na nakala ubaki nayo. Halafu kwenye kikao cha kamati ya wazazi muombe liandikwe fungu la "matengenezo", hata liwe dogo. Likishaandikwa mara moja, mwaka unaofuata ni rahisi kuliongeza kuliko kulianzisha.

#34 Mama_wa_Batatu

Fungu itatoka wapi, papa? Si kwetu? Na betri ya fundi nani atalipa?

#35 Fundi_Kamalondo

Ya gari ninayo moja, ya zamani. Si ya kazi hiyo, itakufa ndani ya mwaka, lakini nawapa.

#36 Mwalimu_Katuba

Naichukua. Jumamosi uko?

#37 Fundi_Kamalondo

Niko mpaka saa saba. Njoo na multimita kama unayo, ya kwangu imeazimwa.